Jumamosi Nilizojifanya Nimefunga

Mfuko nilikaa nao miezi minane na siku chache. Niliwekewa Houston mwishoni mwa Aprili 2018, ukaondolewa Januari iliyofuata, hospitali ileile, ghorofa ileile. Ulikuwa upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo ya kitovu, na kilichokuwa kikiingia humo ni kile ambacho wewe unakiacha chooni. Nalisema hili mapema ili anayesoma huku anakula aamue mwenyewe.

Naandika kwa sababu watu wameanza kunipigia simu. Mmoja yuko DeSoto, mwingine Houston kwenyewe, wa tatu ni shemeji wa mtu niliyefanya naye kazi. Wote wanaanza kwa kuzunguka: habari za joto, habari za watoto, habari za hii corona iliyotufungia ndani mwaka huu. Halafu sauti inashuka. "Nasikia na wewe uliwahi kuwekewa." Nawajibu ndiyo. Mambo ya madaktari wameshaelezwa, makaratasi wanayo. Wanachotaka kujua ni kama mtu mwenye mfuko anaweza kukaa na wenzake. Hilo ndilo nitakaloeleza, na nitaeleza pamoja na upumbavu wangu, maana nikiuficha huo sina la kumwambia mtu.

Jina langu Idrisa. Kwetu Tanga, nina miaka hamsini na sita, na ninaishi Arlington, Texas, na mke wangu Mwanahawa na binti yetu Nuru, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na tano. Kazi yangu ni kupima zege. Wajenzi wanaleta maabara vipande vya zege, naviweka kwenye mashine, mashine inabana mpaka vinapasuka, naandika vimepasuka kwa uzito gani. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Mwanahawa anasema imenifanya niangalie kila kitu kama kipande cha zege, nami mwenyewe pia.

Damu chooni niliiona mara ya kwanza mwaka 2017, joto likiwa limeshika. Nikajiambia ni bawasiri. Nikanunua mafuta, nikaacha pilipili, nikakaa kimya. Kufika Novemba nilikuwa nimetoboa mkanda matundu mawili mapya. Mwanahawa aliyahesabu siku moja akikunja nguo, akanishika mkono mpaka kwa daktari. Wiki mbili baadaye tukaambiwa ni saratani, sehemu ya chini kabisa ya utumbo. Mwanahawa alilia kwenye gari. Mimi niliuliza kama tumekumbuka kuchukua kadi ya kuegesha. Si kwamba sikuogopa. Hofu ilinijia kwenye miguu, nikashindwa kukanyaga breki sawasawa, ikabidi aendeshe yeye.

Januari na Februari 2018 zilikuwa za mionzi, siku tano kwa wiki, hapahapa jirani. Aprili ikawa ya Houston. Kutoka kwetu ni saa nne kwa gari, barabara moja iliyonyooka, na katika saa nne hizo watu wawili waliooana miaka ishirini wanaweza kugombana juu ya kiyoyozi mara tatu. Tulifikia kwa binamu yake Mwanahawa. Kwenye ukumbi wa kungojea wa hospitali kulikuwa na meza yenye picha iliyokatwakatwa vipande vidogo, na wagonjwa waliunganisha kidogo kidogo wakisubiri kuitwa. Ukiitwa unaacha, anakuja mwingine anaendeleza. Ilikuwa picha ya bustani. Siku ya kwanza nilipata vipande vitatu, vyote vya anga. Mama mmoja mwenye kilemba kichwani alinisogezea cha nne bila kunitazama.

Nilipozinduka baada ya upasuaji niliukuta. Kipande cha utumbo kimetolewa nje, chekundu, chenye unyevu, na mfuko umebandikwa juu yake. Walikuwa wameukatiza utumbo njiani ili kule chini nilikoshonwa kupate kupona. Nesi wa mifuko, mama wa Kinigeria, alikaa kitandani kwangu akanieleza kama anayeeleza mtoto. Utumbo mpana ndio unaonyonya maji, na wangu sasa umepewa likizo. Maji ninayokunywa yanatoka mapema mno. Kwa hiyo ninywe, ninywe tena, niweke chumvi na sukari kidogo, na nile. "Usipokunywa," alisema, "utarudi hospitali kwa ambulansi." Mwanahawa aliandika kila neno.

Nyumbani kazi ya kukata tundu la mfuko aliichukua Nuru. Kila mfuko unahitaji tundu la ukubwa wa ule utumbo, na utumbo unapungua kila wiki, na vidole vyangu havikuwa na utulivu. Yeye alichora duara kwa kufuatisha kifuniko cha chupa ya dawa, akakata kwa mkasi wake wa shule, ulimi nje. Nilimwambia pole kwa kazi mbaya. "It's just a bag, Baba," alinijibu, akarudi kwenye simu yake. Neno hilo, kwamba ni mfuko tu, lilinisaidia kuliko yote niliyoambiwa na watu wazima, ila sikulifuata.

Ramadhani ya mwaka ule iliingia sijamaliza wiki tatu tangu upasuaji. Sikufunga, na hakuna aliyetegemea nifunge. Siku ya Idi tulialikwa kwa rafiki yetu, tukala pilau, mwenyeji akanyanyua mikono kuomba dua. Sebule ikatulia. Utumbo ule hauna mlango unaoweza kuubana. Ukitaka kusema unasema. Ukasema, kwa muda mrefu, na mtoto wa miaka minne akamuuliza mama yake kwa sauti ni nani aliyejamba. Mama yake akamziba mdomo. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku hiyo niliacha kwenda msikitini Ijumaa, ingawa sheikh alishanieleza kwa simu namna ya kutawadha nikiwa na mfuko, na kwamba swala yangu haina neno. Si Mungu niliyemwogopa, niliogopa safu ya watu begani kwangu.

Mwisho wa Juni nikaanza dripu za dawa ya saratani, raundi nane, moja kila wiki mbili. Dawa ile inakufanya uogope baridi. Nikigusa mlango wa friji vidole vilichomwa na sindano. Nikinywa maji ya baridi koo lilikaza. Mwanahawa alikuwa ananipashia maji ya kunywa kwenye birika. Wiki ya kwanza baada ya dripu nilikuwa nalala, wiki ya pili nilikuwa mtu. Na katika zile wiki za utu nilikaa chumbani na mlango umefungwa, nikitazama watu wanaoendesha matrekta kwenye simu. Mwanahawa alivumilia raundi nne.

"Idrisa," aliniambia baada ya ya nne, "hospitali wamesema utembee. Jumamosi unakwenda na Wanjiru."

Wanjiru ni Mkenya aliyekuwa akifanya kazi na Mwanahawa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ana dada yake Uingereza, ambaye kila mwisho wa wiki anapanda treni pamoja na watu asiowajua, wanashuka kituo cha kijijini, wanatembea maili nane kwenye mashamba ya watu na kondoo wao, wanakula mkate uliofungwa kwenye karatasi, wanapanda treni nyingine kurudi. Alimtumia Wanjiru picha: watu wenye makoti ya mvua, wote wanacheka, matope mpaka magotini. Wanjiru akaona wivu. Huku kwetu hakuna treni ya kukupeleka mashambani, kila mtu na gari lake. Ipo moja inayokwenda kati ya Dallas na Fort Worth, na Jumapili haifanyi kazi. Wanjiru akasema inatosha. Kundi likaanza kwa watu wanne, likafika kumi na mbili. Treni ya asubuhi Jumamosi, kushuka penye mto au ziwa, kutembea, kula pamoja, kurudi.

Nilikubali kwa sharti kwamba Mwanahawa asimwambie mtu habari ya mfuko. Aseme operesheni ya tumbo, basi. Alikubali, akanifungia sambusa na chupa ya maji ya uvuguvugu.

Asichojua ni kwamba sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu Ijumaa mchana. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kisichoingia hakitoki. Mfuko mtupu haupigi kelele, haunuki, hauvimbi chini ya shati. Nilijipima mbele ya kioo, nikaona tumbo limelala sawa, nikaridhika.

Aliyeliongoza kundi njiani, tofauti na Wanjiru aliyelianzisha, alikuwa mama wa Kirundi aitwaye Domitila. Miaka kama sitini, mfupi, viatu vya kazini, anafua mashuka kwenye hoteli moja na anaishi Haltom City. Kiswahili alikipata Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, alikokaa miaka mingi. Hajui kuendesha gari na hataki kujua, kwa hiyo ile treni aliijua kuliko wote. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye miguu dhaifu anatangulia, yeye Domitila anafunga mstari, na hakuna anayempita wa mbele. Siku ile wa mbele nilikuwa mimi. Watu kumi na mmoja walitembea kwa mwendo wangu kando ya mto Fort Worth, maili tatu kwa saa mbili na nusu, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wakizungumza nyuma yangu juu ya bei za nyumba na mahubiri ya padri. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba niliona aibu.

Tukafika penye meza za mbao chini ya daraja. Domitila akafungua mikate na samaki wa kukaanga, akasema karibuni, akanisogezea wangu. Nikasema ahsante, sina njaa. Akanisogezea tena. Nikasema hapana, mama, kweli. Pale palikuwa na mzee wa Kikongo tuliyemwita Papa Etienne, fundi cherehani mstaafu, mtu mwenye majibu ya kila kitu.

"Muache, mama," alisema. "Ule ni Muislamu. Iko anafunga."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Ninalipa Ramadhani," nilisema. "Nilikuwa mgonjwa."

Domitila akafunika chombo chake palepale. Wenzake wakaacha kutafuna mmoja mmoja, chupa zikafungwa. Alinieleza kwamba jirani zake kambini walikuwa Waislamu, na kwamba hajawahi kula wala kunywa mbele ya mtu aliyefunga, hataanza Texas. Nilimwomba waendelee tu. Alikataa kwa heshima kubwa. Tangu siku hiyo chakula cha kundi kikahamishwa: wanakula kwenye kituo cha mwisho, mimi nikishashuka kwangu. Sambusa za Mwanahawa nilikuwa nampa Domitila mlangoni mwa treni, nikamwambia ni zawadi ya mke wangu. Alikuwa akinibariki.

Nilitembea nao Jumamosi nne namna hiyo, baada ya raundi ya nne, ya tano, ya sita na ya saba. Nilivijua vyoo vyote kandokando ya njia zetu. Humo ndimo nilimokunywa maji, mafunda mawili matatu, mlango nimeubana kwa mguu, kama mtoto wa shule mwezi wa Ramadhani. Sikunywa mengi, maana maji nayo yanaujaza mfuko. Nyumbani nikirudi nilikuwa najaza tumbo, Mwanahawa anafurahi kuona matembezi yamenipa hamu ya kula. Nilikuwa napungua uzito na nikasingizia dawa. Mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Yote hayo niliyaona, niliyaandika kichwani, na niliendelea. Nataka hili lieleweke kwa anayenisoma akiwa na mfuko wake: nilikuwa tayari kukauka kuliko kusikiwa. Wale watu walikuwa wakitembea kwa mwendo wangu bila kunihurumia, na sikuwa nao wengine.

Jumamosi ya nne ilikuwa mwisho wa Septemba, na joto la hapa halisomi kalenda. Tulibadilisha treni Dallas tukaenda ziwa la White Rock. Domitila alikuwa nyuma kama kawaida. Maili ya pili miguu ilianza kukaza misuli, kwanza vidole vya mguu, kisha paja. Nikasimama kusingizia natazama bata. Nakumbuka bata, nakumbuka Wanjiru akiuliza, "Sasa uncle, uko sawa ama?" Sikumbuki kuanguka. Naambiwa nilianguka kwa adabu, nikakaa kwanza halafu nikalala.

Nilipopata akili vizuri nilikuwa chumba cha dharura cha hospitali moja Dallas, dripu mkononi, shati limefunguliwa. Mfuko ulikuwa wazi kwa kila mtu, umenywea kabisa. Wanjiru alikuwa amesimama upande mmoja na Domitila upande mwingine. Walikuwa wamenifuata wao wawili. Wanjiru aliutazama mfuko mara moja akautambua, maana wazee wake wawili kazini walikuwa nayo. Domitila aliutazama bila kuelewa. Nesi akauliza kwa Kiingereza nilikunywa maji lini mara ya mwisho. Wanjiru akamtafsiria Domitila.

"Mwambie amefunga," Domitila alisema, na alilisema kwa fahari, kama ninavyoweza kumsema Nuru akipata alama nzuri. "Kila Jumamosi anafunga. Analipa Ramadhani."

Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza anaingia, bado ana funguo za gari mkononi.

"Nani amefunga?" aliuliza.

Nikafumba macho.

"Idrisa hafungi," Mwanahawa alisema. "Amekatazwa. Maji ndiyo dawa yake, ana mfuko. Kila Jumamosi namfungia chakula."

Nilisikia kiti kikivutwa. Domitila alikuwa amekaa, na nilipofumbua macho alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni. Nesi akamuuliza kama yuko sawa. Akasema kichwa kinamgonga, si kitu, hutokea kila Jumamosi. Mwanahawa akamuuliza amekunywa nini leo.

"Sijanywa," alisema. "Tangu asubuhi. Yeye alikuwa amefunga."

Wakati wote, licha ya alivyosema, nilidhani walikuwa wakiahirisha kula tu. Wengine walikuwa wakinywa maji nyuma ya mgongo wangu, na ilikuwa haki yao. Domitila alikataa hata hilo. Alikuwa akitumia dawa za presha, zile za kukojoza, na alikuwa akitembea kwenye jua akiwa mwisho wa mstari bila tone la maji, tangu Jumamosi ile ya kwanza nilipodanganya, ili asinywe mbele yangu. Walimpima wakakuta presha imeshuka. Wakamvisha utepe wa mgonjwa mkononi, wakamweka kwenye kiti karibu na kitanda changu, wakampa maji kidogo kidogo kwa saa nzima. Alikunywa akinitazama. Mimi nilitazama dripu.

Walipomruhusu alisimama, akavaa viatu, akamuaga Mwanahawa kwa mikono miwili. Mbele ya kitanda changu alipita. Hakuniambia pole. Sijawahi kumwona mtu wetu yeyote, mkristo au muislamu, Mrundi au Mtanga, akipita mbele ya mgonjwa bila kumwambia pole. Hata watu wanaokuchukia wanakuambia pole.

Kwenye gari, tulipokaribia Arlington, Mwanahawa aliniuliza:

"Sambusa zangu zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Nilikuwa nampa Domitila."

Akapita taa mbili za barabarani.

"Alizipenda?"

"Sana."

"Afadhali," alisema, halafu akaanza kulia, na safari hii nililia na mimi. Aliniambia kwamba alikuwa ameshaanza kujizoesha kuishi bila mimi, na kwamba zile Jumamosi ndizo zilizomfanya aache. Nilimwomba msamaha, nikamwahidi nitakunywa mbele yake kila saa, akasema hataki kunisimamia kama mfungwa, anataka ninywe mwenyewe.

Raundi ya nane, ya mwisho, nilipewa mwanzoni mwa Oktoba. Kuna kengele ukutani pale kliniki, mgonjwa akimaliza anaigonga na manesi wanapiga makofi. Niliigonga. Nilikuwa nikimfikiria mtu mwingine. Domitila nilimpigia simu mara tano, hakupokea. Wanjiru aliniambia kundi lote limeshajua, lisingefichika, na kwamba nikitaka kuja nije. "Lakini Mama Domitila sijui," alisema. "Hajasema kitu. Nikitaja jina lako ananyamaza tu."

Nilikwenda Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Asubuhi hiyo nilikula uji na yai, nikanywa maji yenye chumvi na sukari, nikaweka mifuko miwili ya akiba kwenye begi, matundu yameshakatwa na Nuru. Ilikuwa baridi ya kwanza, vidole vinachoma kwenye glavu. Treni ilipofika niliingia behewa walilokuwemo. Wakanisalimia, Papa Etienne akanipa nafasi. Domitila alikuwa dirishani. Nilisimama mbele yake nikampa shikamoo, ingawa kwa miaka tunakaribiana. Aliitikia marahaba kwa sababu shikamoo haiachwi hewani. Kisha akarudi dirishani.

Tulishuka Fort Worth, mtoni tena. Nilitaka kutangulia kama kawaida, lakini Domitila ndiye aliyetangulia. Hakufunga mstari, alikwenda mbele kwa mwendo wake mwenyewe, na watu hawakujua wamfuate au wanisubiri. Wanjiru alibaki na mimi. Nilitembea nikiona mgongo wa Domitila ukipungua mpaka ukawa sweta jekundu tu. Nilifikiria kurudi kituoni. Nilijua nikirudi sitatoka tena chumbani mwangu mpaka watakaponiita Houston, na huenda hata baada ya hapo.

Tulimkuta ameshakaa kwenye meza, chombo chake mbele yake. Sikungoja nipumue.

"Mama Domitila," nilisema, "sikuwa nimefunga hata siku moja. Nilikuwa naogopa mfuko usije ukajaa mkasikia harufu. Papa Etienne aliposema nimefunga nilidakia. Nimemsingizia Mungu, na nimekutesa wewe. Naomba unisamehe."

Papa Etienne alisema taratibu kwamba kosa ni lake pia, minadhani, minadhani, siku zote anasema bila kuuliza.

Domitila alifungua chombo. Ndani mlikuwa na ndizi za kupika na maharage, bado zina joto. Akanawa mkono kwa maji ya chupa, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kula. Hakusema karibu. Hakumwambia mtu yeyote karibu, na watu kumi na mmoja tulisimama tukimtazama. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, macho yake kwangu. Akafungua chupa ya maji akanywa mpaka nusu, akafuta mdomo kwa kiganja, akaendelea. Nililelewa nyumba ambayo hata mpita njia asiyejulikana anakaribishwa, na hata asipokula anaambiwa. Kila tonge niliona alivyokuwa anatembea nyuma yangu na kiu. Sikuondoa macho. Nilihisi nastahili kusimama pale.

Alipofika katikati ya chombo akasimamisha mkono.

"Yule jirani yangu wa kambini," alisema, "alifunga kweli. Alikuwa anafunga ana mimba, na tulimkatalia wote, akafunga. Nilidhani nimepata mwingine wa kumheshimu."

"Najua," nilisema.

"Hujui." Akajipangusa mkono. "Hiyo harufu iko wapi?"

Sikuelewa. Akanyanyuka, akazunguka meza, akanishika kiwiko, akainamia ubavu wangu wa kulia mbele ya watu wote kama anavyoinamia mashuka ya hoteli kujua kama yamekwishafuliwa. Akavuta pumzi mara mbili.

"Sabuni," aliwaambia wenzake. Akarudi mahali pake, akakaa, akakisukuma chombo katikati ya meza.

"Karibu," alisema.

Wanjiru akanimwagia maji mikononi, yalikuwa ya baridi, yakanichoma mpaka kwenye viwiko. Nikakaa mbele ya Domitila nikala ndizi na maharage yote yaliyobaki, huku wengine wakifungua vya kwao, na mazungumzo yakarudi kwenye bei za nyumba. Haikupita nusu saa utumbo ukaanza kusema, kwa sauti yake ileile ya siku ya Idi, na Papa Etienne akanigeukia akasubiri niseme mimi safari hii. Nikawaambia mfuko umejaa, ninakwenda kuumwaga choo kile cha ng'ambo ya daraja, na nitachukua dakika kumi. Wakanisubiri.